Uvimbe wa sentimita 3.1 kwenye figo ya kushoto: vipimo, kusubiri na upasuaji

Kisa hiki nimekitunga kutokana na mambo yanayokutwa kliniki kila mara. Hakuna mgonjwa mmoja halisi anayesimuliwa hapa. Nimekifanya kigumu kwa makusudi, pale pale ambapo wagonjwa, familia na hata madaktari hukwama.

Mama wa miaka 67 alipata mshtuko wa moyo, akazibuliwa mshipa na kuwekewa stenti, kijibomba kinachoshikilia mshipa ubaki wazi. Akaanzishiwa aspirini na klopidogreli, dawa mbili za kuzuia damu kuganda, na dawa ya kushusha kolesteroli. Miezi 5 baadaye vimeng'enya vya ini vilionekana vimepanda kidogo, akatumwa kupigwa ultrasaundi. Ini lilikuwa na mafuta kiasi, basi. Ila aliyempiga picha hakuishia kwenye ini, alipita na kwenye figo pia, akakuta uvimbe wa takriban sentimita 3 kwenye ncha ya chini ya figo ya kushoto. Mama hakuwa na maumivu ya kiuno, hakuwahi kuona damu kwenye mkojo, na uzito wake ulikuwa ule ule.

Siku hizi zaidi ya nusu ya saratani za figo hugunduliwa hivi hivi, mtu akipimwa jambo lingine. Zile dalili tatu za vitabuni, yaani maumivu ya ubavu, damu kwenye mkojo na uvimbe unaopapasika, zikikutana kwa mtu mmoja mara nyingi ugonjwa umeshakwenda mbali.

Historia yake nyingine: shinikizo la damu kwa miaka 15, kisukari cha aina ya pili kwa miaka 9, na magoti yanayomsumbua. Kwa ajili ya magoti alikuwa akimeza diklofenaki, kidonge cha maumivu, karibu kila siku, akinunua mwenyewe. Hilo la mwisho halikuwa kwenye barua ya rufaa. Lilitoka alipoulizwa ataje kila kidonge anachokimeza, kiwe kimeandikwa na daktari au la.

Alikuja na wanawe wawili. Mkubwa alikuwa ameshafikia uamuzi kabla hajakaa kwenye kiti: "Daktari, kama ni saratani, si mtoe figo yote tuondokane nayo? Watu wanaishi na figo moja."

"Wanaishi, kaka, kama hiyo moja inayobaki ni nzima. Kwanza tuangalie za mama zikoje."

Jibu hilo ndilo lililobeba kisa kizima. Ukishasikia neno uvimbe, akili yote hukimbilia kwenye uvimbe. Figo yenyewe husahaulika, na ile ya pili husahaulika kabisa.

Karatasi ya maabara

Kreatinini, taka ya mwili ambayo figo huichuja kwenye damu, ilikuwa mikromoli 105 kwa lita. Kwa wengi hiyo ni namba iliyopanda kidogo tu, mtu huipita. Ukiikokotoa kwa umri na jinsia yake, kasi ya figo kuchuja damu (eGFR) inakuwa kama 50, wakati chini ya 60 kwa zaidi ya miezi 3 huhesabiwa kuwa ugonjwa sugu wa figo. Majibu ya nyuma yalitafutwa, na yalionyesha kwamba hali hiyo ilikuwepo tangu mwaka uliopita. Kisha ukapimwa uwiano wa albumini (aina ya protini) na kreatinini kwenye mkojo: 12, ambapo mwisho wa kawaida ni chini ya 3. Figo zake zinapitisha protini. Kisukari na shinikizo la damu vimekuwa vikizila taratibu kabla uvimbe haujaonekana.

Kipimo hicho cha mkojo ni cha bei nafuu kuliko picha zote zilizofuata, na bado ndicho husahaulika zaidi mtu anapofika na uvimbe wa figo. Nakitetea kwa nguvu. Kinabadilisha uamuzi: mwenye figo nzima na asiye na protini kwenye mkojo anaweza kuvumilia kupoteza figo moja kwa miaka mingi, lakini mwenye kisukari anayevuja albumini yuko kwenye mteremko tayari.

Damu nyingine zilizopimwa ni wingi wa damu, kalsiamu, fosfatasi ya alkali na vimeng'enya vya ini. Zilikuwa sawa, na vimeng'enya vya ini vilikuwa vimeshuka vyenyewe. Mtoto wa pili, binti, aliuliza kama kuna kipimo cha damu cha kuthibitisha saratani ya figo, kama kile cha PSA wanaume wanachopimwa kwa ajili ya tezi dume. Hakuna. Anayekiuza hana ushahidi wa kutosha mkononi.

Skani

Ultrasaundi inatosha kusema kuna kitu, na inatosha kusema kitu hicho ni maji matupu kama kweli ni maji matupu. Huu wa kwake ulikuwa uvimbe imara, yaani wa nyama na si wa maji, kwa hiyo ilihitajika CT ya figo. Neno "ya figo" lina uzito wake. Skani nyingi za tumbo hupigwa baada tu ya kuchoma dawa ya kontrasti, inayong'arisha mishipa na nyama kwenye picha, na kwa uvimbe wa figo picha ya namna hiyo inaacha swali kuu bila jibu. Lazima kuwe na picha ya kabla ya dawa, kisha za baada ya dawa katika nyakati tofauti, ili ipimwe uvimbe umeinyonya dawa kiasi gani. Kipimo ni uniti za Hounsfield: maji ni 0, mafuta huenda chini ya 0. Uvimbe ukipanda kwa uniti 20 au zaidi baada ya dawa, una damu yake, ni nyama hai. Chini ya 10 haunyonyi. Kati ya 10 na 20 kuna utata, na hapo MRI husaidia.

Kabla ya dawa uvimbe wa huyu mama ulikuwa na uniti 34, baada ya dawa 96. Umepanda kwa 62, hakuna ubishi. Hapakuwa na mafuta ndani yake. Yangekuwepo mafuta yanayoonekana wazi, jina lingekuwa anjiomayolipoma, uvimbe usio wa saratani, na pengine kisa kingeishia hapo. Ulikuwa na sentimita 3.1, zaidi ya nusu yake umechomoza nje ya figo, upande wa nyuma, milimita 5 kutoka kwenye vyumba vya kukusanyia mkojo. Mshipa wa vena ya figo ulikuwa safi, tezi hazikuvimba, na figo ya kulia haikuwa na kitu. Kwa upangaji wa hatua hii ni T1a: sentimita 4 au chini, ndani ya figo.

Familia iliogopa dawa ya kontrasti itamaliza figo. Hofu hiyo ina asili yake, ila kwa dawa inayochomwa kwenye vena, wasiwasi mkubwa huanza eGFR ikiwa chini ya 30. Kwa 50, mgonjwa akiwa hana upungufu wa maji, picha hii ina faida kuliko hatari, na metfomini, dawa yake ya kisukari, haikulazimika kusimamishwa. Kilichosimamishwa siku hiyo hiyo ni diklofenaki. Kidonge cha goti kilikuwa kinamdhuru kila siku, kontrasti ilikuwa ya mara moja.

Baada ya hapo ikaja orodha ya vipimo ambavyo mwana mkubwa alikuwa ameandikiwa na watu kwenye simu: PET, skani ya mifupa, MRI ya ubongo. Namwelewa. Mtoto anapoogopa kumpoteza mama yake, kila kipimo kisichofanyika huonekana kama mlango ulioachwa wazi. Lakini kuna swali la kuuliza kabla ya kila kipimo: jibu likija hivi tutafanya nini, likija vile tutafanya nini? Kama hatua inayofuata ni ile ile, mgonjwa anachoshwa tu.

PET ya kawaida, inayotumia sukari yenye mnururisho, ni dhaifu kwa uvimbe wa figo wenyewe kwa sababu sukari hiyo hutolewa kwa mkojo na figo zote huwaka. Skani ya mifupa huombwa kama mtu ana maumivu ya mifupa au fosfatasi ya alkali imepanda; yeye hana yote mawili. Ubongo hupigwa picha kama kuna dalili za ubongo. Kifua ndicho kinastahili kuangaliwa, kwa kuwa saratani ya figo ikisambaa hupenda mapafu, na kwa uvimbe mdogo hivi eksirei ya kawaida ilikubalika. Ilikuwa safi.

Lazima niseme pia ni lini orodha ingekuwa nyingine. Uvimbe ungekuwa katikati ya figo, umeshikamana na vyumba vya mkojo, au mama angekuwa na damu kwenye mkojo, tungefikiria saratani ya utando wa njia ya mkojo, ambayo tiba yake ni tofauti kabisa: huondolewa figo pamoja na mrija wake wote hadi kibofuni. Hapo mkojo hupimwa seli, na kamera huingizwa kwenye mrija. Angekuwa na miaka 46 au chini, au uvimbe ungekuwa mwingi au wa figo zote mbili, au ndugu zake wangekuwa na saratani ya figo, angepelekwa kwa wataalamu wa vinasaba, maana kuna magonjwa ya kurithi kama VHL. Na kama kingekuwa kifuko cha maji chenye kuta nene, tungekisoma kwa madaraja ya Bosniak, yanayokadiria uwezekano wa saratani kwenye kifuko, na kukitoboa kwa sindano kusingekuwa wazo la kwanza.

Je, ni saratani?

Kwa uvimbe imara wa sentimita 4 au chini unaonyonya dawa, takriban 1 kati ya 5 si saratani. Kadiri unavyokuwa mdogo, ndivyo uwezekano huo unavyoongezeka. Maarufu kati ya hizo zisizo saratani ni onkositoma, ambayo kwenye CT inaweza kufanana na saratani kiasi kwamba msomaji mahiri hawezi kuapa. Nne zilizobaki ni saratani, lakini hata hizo hazina tabia moja. Nyingi za ukubwa huu hukua polepole, wastani wa kama milimita 3 kwa mwaka, na katika wagonjwa waliofuatiliwa bila kutibiwa mara moja, waliosambaa katika miaka ya mwanzo ni kama 1 hadi 2 kwa 100.

Njia ya kujua zaidi ni biopsi, kuchukua vipande vya nyama kwa sindano. Kwa miaka mingi madaktari wengi waliikwepa kwa uvimbe wa figo, wakiogopa kumwaga seli njiani na wakisema haitabadilisha chochote kwa kuwa wote watapasuliwa. Sababu ya kwanza imepungua nguvu: sindano inapopita ndani ya ala yake, seli kumwagika njiani ni tukio la nadra sana. Sababu ya pili ilikuwa kweli wakati ambapo upasuaji ulikuwa jibu pekee. Kwa mgonjwa kama huyu, ambaye kusubiri, kuunguza, kugandisha na kupasua vyote viko mezani, jibu la biopsi linaweza kumsukuma upande mmoja au mwingine.

Biopsi ina kasoro zake na mgonjwa anapaswa kuambiwa. Takriban 14 kati ya 100 hazitoi jibu mara ya kwanza. Hapo mtu hajaambiwa kwamba hana saratani. Ameambiwa kwamba haijajulikana, na inawezekana kurudia. Daraja la ukali linaloandikwa kwenye kipande kidogo laweza kuwa chini ya lile la uvimbe wote. Onkositoma na aina moja ya saratani ya figo iitwayo kromofobi hufanana kwenye darubini mpaka mtaalamu wa patholojia aongeze rangi maalumu. Na kutoka damu kuzunguka figo hutokea, ingawa ni wachache wanaohitaji kuongezewa damu.

Hapa kisa kikagota. Mama alikuwa anameza aspirini na klopidogreli, stenti ikiwa na miezi 5 tu baada ya mshtuko wa moyo. Kumsimamishia klopidogreli mapema kungeweza kuziba stenti, na kuziba kwa stenti huua haraka kuliko uvimbe wa figo wa sentimita 3. Kumchoma sindano kwenye figo akiwa anatumia zote mbili kungekaribisha damu. Upasuaji nao ungekuwa na hatari zote mbili kwa pamoja. Daktari wa moyo alisema wazi: miezi 12 itimie.

Mama mwenyewe, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza: "Mwanangu, hiki kitu kitanisubiri?"

"Mama, kwa ukubwa huu mara nyingi kinasubiri. Na sisi hatutakiacha peke yake, tutakiangalia."

Mwana mkubwa hakufurahi. Kwake kusubiri ilikuwa jina zuri la kutofanya kitu. Ndiyo maana kusubiri kulikoandikwa vizuri kwenye faili lazima kuwe na masharti: picha lini, kwa mashine ya aina gani, na ni nini kitakachotufanya tubadili mawazo. Waliandika hivi: CT nyingine baada ya miezi 4, uvimbe ukikua kwa zaidi ya nusu sentimita kwa mwaka, au ukifika sentimita 4, au sura yake ikibadilika, au mama mwenyewe akichoka kusubiri, tunakutana upya hata kama miezi 12 ya stenti haijatimia. Karatasi hiyo mwana aliipiga picha. Nadhani ilimtuliza kuliko maneno yote.

Miezi ya kusubiri

Watu husahau kwamba miezi hii ina kazi. Diklofenaki iliachwa, magoti yakapewa mazoezi na parasetamoli. Shinikizo la damu lililokuwa likicheza juu ya 150 likashushwa. Kreatinini ikateremka hadi 98, eGFR ikapanda kufika 54. Si muujiza, ila ni uniti 4 za uchujaji zilizorudi kwa kuacha kidonge, na mtu anayekaribia kupasuliwa figo anazihitaji zote.

CT ya mwezi wa 4 ilisoma sentimita 3.2. Milimita 1 iko ndani ya makosa ya kawaida ya kupima. Msomaji yule yule akirudia picha ile ile anaweza kuipata. Familia ilipokea ripoti kwenye simu kabla ya kufika kliniki, na usiku huo walilala wakiamini imekua. Ripoti ya namna hiyo ingetangulizwa na simu ya daktari, watu wangelala.

Mwezi wa 7 stenti ilitimiza mwaka. Daktari wa moyo akamfanyia ekokadiografia, yaani ultrasaundi ya moyo, moyo unasukuma vizuri, na mama anapanda ghorofa mbili bila kusimama. Klopidogreli ikasimamishwa kabisa, aspirini ya dozi ndogo ikabaki kwa ajili ya stenti, na mtaalamu wa radiolojia akakubali kufanya biopsi hivyo. Mwezi wa 8 alilazwa kifudifudi kwenye mashine ya CT, sindano ikapita nyuma, ikatoa vipande 3. Uvimbe sasa ulikuwa sentimita 3.4. Kutoka 3.1 ni milimita 3 kwa miezi 8, haujafika kwenye mstari waliouandika lakini unauelekea.

Jibu: saratani ya figo ya seli angavu, daraja la 2 kati ya 4. Hii ndiyo aina ya kawaida, kama robo tatu ya saratani za figo zote.

Njia nne mezani

Ya kwanza, kuendelea kufuatilia. Angekuwa na miaka 85, au moyo unaosukuma kwa shida, ningeitetea hata kwa jibu hili, maana uwezekano wa kufa kwa jambo lingine ungekuwa mkubwa zaidi. Kwa mama wa miaka 68 aliyetoka salama kwenye mwaka mgumu wa moyo, mwenye uvimbe uliothibitishwa kuwa saratani na unaokua, kusubiri kulishafanya kazi yake.

Ya pili, kuondoa figo nzima, njia ya mwana mkubwa. Alikuwa na hoja nzito kuliko alivyojua mwenyewe. Jaribio kubwa la kulinganisha njia mbili kwa kura ya bahati nasibu, lile namba 30904 la EORTC, shirika la Ulaya la utafiti wa saratani, lililochapishwa mwaka 2011, liliingiza wagonjwa 541 wenye uvimbe wa sentimita 5 au chini. Baada ya miaka 10, waliokuwa hai ni asilimia 81.1 ya walioondolewa figo nzima na asilimia 75.7 ya walioondolewa sehemu. Kuhifadhi figo hakukuwaongezea watu maisha. Walioondolewa figo nzima waliangukia eGFR chini ya 60 mara nyingi zaidi, asilimia 85.7 dhidi ya 64.7, ila waliofika kwenye figo kufa kabisa, eGFR chini ya 15, walikuwa sawa: asilimia 1.5 na 1.6.

Namba hizi nimezipa nafasi kwa sababu nimechoka kuona kuhifadhi figo kukihubiriwa kama jambo lisilo na mjadala. Mjadala upo. Lakini soma ni nani walioingia kwenye jaribio: watu wenye figo ya pili inayohesabiwa kuwa nzima. Mama huyu hakuwa mmoja wao. Anaanza na 54, ana kisukari, ana albumini kwenye mkojo. Mtoe figo nzima, na hata ile ya kulia ikijitahidi kufidia, eGFR yake itashuka hadi thelathini na kitu akiwa na ugonjwa ule ule unaozila. Kwa mtu wa namna hii, kuhifadhi figo ni sehemu ya tiba.

Ya tatu, kuua uvimbe kwa sindano, kwa joto la mikrowevu au kwa kugandisha. Binti aliipenda hii, na kwa sababu nzuri: hakuna upasuaji mkubwa, figo huguswa kidogo, mtu hurudi nyumbani mapema. Mahali pa uvimbe palifaa pia, nyuma na nje, mbali na utumbo. Kikwazo ni ukubwa. Njia hizi hung'aa kwa uvimbe wa sentimita 3 au chini. Juu ya hapo mabaki huongezeka, na kwa jumla uvimbe hurudi mahali pale pale mara nyingi kidogo kuliko baada ya kukata, japo inawezekana kurudia. Miezi 8 iliyopita kwa 3.1 ungekuwa mpakani, sasa kwa 3.4 umevuka. Mtaalamu wa radiolojia alisema anaweza kuufanya, na kwamba kama moyo usingekuwa tayari angeufanya. Maneno hayo mawili yalisaidia kuliko ubishi.

Ya nne, kukata uvimbe na kuacha figo. Kuna namna ya kuupa uvimbe alama kwa ugumu wa kuukata, iitwayo RENAL, iliyoanza mwaka 2009: huhesabu ukubwa, umechomoza kiasi gani, uko karibu kiasi gani na vyumba vya mkojo, na uko wapi kwa kimo cha figo. Alama 4 hadi 6 ni ugumu mdogo, 10 hadi 12 ni mkubwa. Wake ulikuwa 5.

Daktari alimwambia mama moja kwa moja: "Mimi ningekushauri tukate uvimbe tuache figo. Ila sindano siyo kosa, na ukiichagua tutakufanyia kwa moyo wote." Napenda daktari anayesema angefanya nini, kisha akaacha mlango wazi kweli. Kumwagia mgonjwa njia nne na kumwambia "chagua" ni kumtupia mzigo. Mama aliuliza jambo moja tu, kama ataweza kuendelea kumeza aspirini ya moyo wake. Akaambiwa ndiyo. Akachagua kukatwa uvimbe.

Upasuaji na siku ya 11

Ulifanyika kwa matundu madogo, kuingia kwa nyuma bila kufungua uwazi wa tumbo, kwa kuwa uvimbe ulikuwa nyuma. Ateri ya figo ilibanwa kwa dakika 17. Lengo huwa kukaa chini ya 25. Tezi ya adreno haikuguswa, hapakuwa na sababu. Patholojia ilithibitisha seli angavu, daraja la 2, pT1a, kingo safi. Siku ya pili eGFR ilikuwa 41, jambo linalotarajiwa figo ikiwa imetoka kubanwa na kukatwa.

Siku ya 11, akiwa nyumbani, aliona mkojo mwekundu wenye mabonge. Karatasi aliyopewa wakati wa kuruhusiwa ilikuwa na mstari mmoja uliopigiwa wino mzito: damu kwenye mkojo ndani ya wiki za mwanzo, njoo siku hiyo hiyo, hata ikikoma yenyewe. Alikuja. CT ya mishipa ilionyesha kijifuko cha damu kwenye tawi dogo la ateri pale palipokatwa. Jioni ile mtaalamu wa radiolojia aliliziba tawi hilo kwa kupita ndani ya mshipa wa paja. Damu ikakoma, hakuhitaji kuongezewa.

Mwana mkubwa aliuliza kwenye korido kama isingekuwa bora kuondoa figo yote, haya yasingetokea. Ni kweli, damu ya namna hii ni gharama ya kuacha figo. Alama ya 5 ilimaanisha hatari ndogo na haikuahidi kwamba hatari haipo. Uamuzi unapimwa kwa yaliyojulikana siku ulipofanywa, na siku ile ilijulikana kwamba hatari hii ipo, ni ya wachache, na inazibika. Kupoteza figo hakurudishiki. Ningeshauri vile vile kesho. Kinachonisumbua zaidi ni wagonjwa wasiopewa ule mstari wa wino mzito, wanaokaa nyumbani siku mbili wakidhani ni kawaida baada ya upasuaji.

Baada ya miezi 3 eGFR ilitulia kwenye 47. Imeshuka kutoka 54, sehemu kwa kukatwa na sehemu kwa lile tawi lililozibwa. Hakupewa dawa yoyote ya saratani. Pembrolizumabu baada ya upasuaji, iliyoleta matumaini tangu mwaka 2021, ni ya wenye hatari kubwa ya ugonjwa kurudi, na yeye si mmoja wao.

Sasa anaonwa na madaktari wawili. Wa figo amemwongezea dawa ya kundi la SGLT2, inayosaidia kisukari, moyo na figo kwa pamoja, na anamfuatilia shinikizo la damu na albumini ya mkojo kila miezi 3 hadi 4. Wa upasuaji atampiga CT ya tumbo na picha ya kifua miezi 12 ikitimia, akiangalia pale palipokatwa na figo ya kulia pia. Diklofenaki imeandikwa kwa herufi kubwa juu ya faili, pamoja na ibuprofeni na nyingine za jamii hiyo, kwenye orodha ya dawa asizopaswa kupewa.